Crown Iliyokatwa Springi

Kilichomkera Mjomba Yared wa Kisanga mwaka ule hakikuwa mvua iliyochelewa wala nguruwe pori walioingia kwenye mahindi yake. Kilikuwa barua. Karatasi moja tu, imepigwa chapa vizuri, chini ina muhuri wa duka la simu la Ditram pale Mikumi mjini, kwa sababu Ditram alikuwa mwenyekiti wa kamati ya harusi na kamati haikuwa na muhuri wake. Barua ilisema kamati inamwomba Ndugu Yared, kwa uzoefu wake mkubwa wa magari, afike Jumamosi awasaidie kuchagua gari la kumbeba bibi harusi. Magari ni matatu. Mstari wa mwisho ndio uliomtoa jasho: kila gari litakuja na dereva wake.

Aliisoma mara tatu akiwa amesimama mlangoni, miwani imeshuka puani.

"Ndugu," akasema. "Mimi nimekuwa Ndugu tangu lini?"

"Kaka, hiyo ni lugha ya barua tu," alisema Debora, mdogo wake, ambaye ndiye aliyeileta na ndiye mama wa bibi harusi.

"Lugha ya barua. Ditram nimemfundisha mimi kupanda baiskeli, nikikimbia nyuma nimemshikia tandiko, leo ananiandikia Ndugu kama mtu anayeomba kiwanja. Macho yangu wanayataka. Mikono yangu hawaitaki."

Debora alijua donda liko wapi. Kwa watu wa milima ile mtoto ni wa ukoo wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno. Mahari haizungumzwi mjomba hajakaa. Siku ya binti kutoka, mjomba ndiye anayemshika mkono kumvusha kizingiti, na akikataa kunyanyuka kwenye kigoda chake, hata askofu atasubiri. Kumshika mkono tu hakukumtosha Yared. Rebeka, bibi harusi mwenyewe, alipokuwa na miaka saba, meno ya mbele yameng'oka, alimwambia mbele ya watu: "Siku yako wewe nitakupeleka mwenyewe, kwa gari ambalo Kisanga hawajapata kuliona." Tangu hapo ahadi hiyo aliirudia kila Krismasi, na kila mwaka gari liliongezeka urefu.

Tena hakuwa mtu wa maneno matupu, ingawa maneno alikuwa nayo ya kugawia wilaya nzima. Shule ya misheni aliiacha darasa la sita, kwa madai kwamba la saba lilikuwa linamchelewesha. Akawa utingo kwenye lori la miwa Kidodi, akajifunza usukani dereva alipokuwa akisinzia, na baadaye akaingia kwenye kazi iliyomfanya awe Yared: kuendesha IT. Hayo ni yale magari yanayoshushwa bandarini Dar es Salaam yakiwa njiani kwenda nchi za jirani, yenye namba za muda, viti bado vimefunikwa nailoni. Miaka ishirini na miwili aliyapeleka mpaka Tunduma, akayakabidhi, akarudi kwa basi. Crown, Mark X, Wajerumani wa kila umbo. Kwa hesabu yake mwenyewe, ambayo hupanda kila akisimulia, yamepita mikononi mwake magari elfu moja na mia mbili. Mengine yalikuwa na nguvu ya kuruka, naye akayapitisha katikati ya hifadhi ya Mikumi kwa mwendo wa hamsini, huku nyani wakimtazama kwa dharau, kwa sababu hamsini ndiyo sheria pale na ukimgonga swala utajuta.

Madereva wengine wa IT walikuwa wakipakia abiria njiani. Yared hakupakia hata mmoja. Gari la mtu ni la mtu, alisema, litafika kama lilivyoshuka melini. Kwa hiyo, pamoja na majigambo yote, katika maisha yake hakuwahi kumbeba binadamu wa kwake kwenye gari la kifahari. Mke wake, Mungu amrehemu, alikufa hajakalia hata moja. Hilo hakulisimulia.

Alichosimulia ni hukumu zake. "Mjerumani," angesema pale Kisanga, kikombe mkononi, "ni gari la mtu anayetaka kuisikia barabara. Mark X ni la kijana anayetaka barabara imsikie yeye. Crown ni la mtu mzima. Hataki kusikia kitu." Hapo alikuwa hafungui mjadala. Alikuwa anatoa hukumu.

Na kwenye hii habari ya harusi alikuwa na siri. Mojawapo ya yale magari matatu lilikuwa Crown Athlete nyeupe ya Fausta, mwenye nyumba ya wageni pale Mikumi. Fausta alimwambia waziwazi: kamati wakiichagua yangu, mimi nina wageni siku hiyo, funguo utachukua wewe, wewe nakuamini. Akampa na ufunguo wa akiba kabisa. Basi mstari wa mwisho wa barua ulikuwa na mlango, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwake.

Jumamosi akafika Mikumi kwa bodaboda, amevaa koti la kanisani. Magari yalikuwa yamepangwa kwenye uwanja nyuma ya kituo cha mafuta, yameoshwa mpaka kuku wanajiangalia. Debora na Rebeka walikuwa wamekaa kivulini. Ditram alikuwa na daftari, na kwenye daftari alikuwa amechora safu tatu: Mwendo, Raha, Mvuto.

"Shikamoo, mjomba," akasema Ditram.

"Marahaba, Ndugu."

Ditram akajikuna shingo. Yared akayazunguka magari yote matatu, akasimama mbele ya Mark X nyeusi yenye rimu kubwa zinazong'aa.

"Mwenyekiti, hii ya nani?"

"Ya kwangu, mjomba. Lakini nimeiingiza kama gari tu."

"Umeiingiza kama gari tu. Na ikishinda utaiendesha kama nani? Kama mwenyekiti au kama gari?"

"Mjomba nawe," akasema Ditram, na safari hii hakujikuna, "tuache kuzungushana. Mji mzima unajua utasema Crown. Fausta amekwisha kukupa funguo hata hatujakaa. Sisi tumekuita kwa heshima tu."

Watu wakacheka. Hata Cosmas alicheka, dereva aliyekuja na Mjerumani wake wa kijivu kutoka Morogoro, mtu mkimya mwenye kofia ya kapelo, ambaye gari lake halishikwi na mkono mwingine hata ndugu yake wa damu. Yared alihisi joto likipanda kutoka kwenye viatu. Kuitwa Ndugu aliweza kumeza. Lakini kuitwa hakimu aliyenunuliwa, yeye ambaye kwa miaka ishirini na miwili hakuwahi hata kuwasha redio ya gari la mtu?

"Andika," akasema kwa sauti ndogo. "Andika nitakachosema leo, halafu upige muhuri wako wa simu."

Kamati ilikuwa imepanga majaribio yafanyike kwenye lami, barabara ya kwenda Kidodi. Wakaenda. Yared alikaa kiti cha nyuma cha kila gari, magoti pamoja, kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Mark X ya Ditram ilikuwa na haraka. Ukikanyaga, shingo inabaki nyuma, na mngurumo unawafikia wakata miwa kabla gari halijafika. Mjerumani hakuwa na makelele, lakini kwenye kona alishika lami kama kidole na pete, Cosmas ameshika usukani kwa vidole viwili. Kiti chake kilikuwa kigumu kama benchi la kanisa. Crown ya Fausta, iliyoachwa pale bila dereva, aliiendesha Ditram, na Yared akiwa nyuma akafumba macho. Haikukimbia. Miwa ndiyo iliyokimbia. Akajiambia kimoyomoyo, si niliwaambia.

Waliporudi Ditram akawa tayari anajumlisha alama.

"Bado," akasema Yared.

"Bado nini, mjomba?"

"Bibi harusi anatoka wapi?"

"Kisanga."

"Kisanga kuna lami?"

Ditram akatazama daftari.

"Nauliza kamati. Kuna lami tangu lini? Mmeweka nyinyi? Mmechukua magari matatu, mafuta ya watu, asubuhi nzima, mnapima jinsi atakavyopita mahali ambapo hatapita. Kwa nini? Kwa sababu huku ndiko watu wanakoona. Kule kuna mbuzi tu, na mbuzi hawapigi picha."

"Kule tutakwenda siku yenyewe, polepole," akasema Ditram.

"Tutakwenda leo. Rebeka, panda."

Na hapa ndipo mambo yalipomwendea vizuri kwa muda wa dakika kama kumi na tano. Kwa kuwa Ditram alitaka kuiendesha Mark X yake mwenyewe, Crown ikabaki bila dereva, na Yared akatoa ufunguo mfukoni. Rebeka akakaa nyuma peke yake. Mjomba akarekebisha kioo, si ili aone barabara, ila amwone yeye. Wakaacha lami wakashika udongo, na mzee hakusema neno, jambo lililomtia Rebeka hofu.

"Mjomba, unaumwa?"

"Nyamaza. Kaa kama unavyokaa."

Shamba la alizeti likapita, na ghala la kijiji, na mama mmoja aliyesimamisha jembe akapunga mkono, naye Rebeka akapunga kama mke wa waziri. Kwa Yared, dakika zile zilitosha kulipa mabasi yote ya kurudi kutoka Tunduma.

Ndipo wakafika korongoni. Ni korongo dogo, mita chache tu, kavu wakati ule, barabara inashuka na kupanda upande wa pili. Lori linapita, pikapu inapita. Yared akashuka polepole kama anayebeba mayai, na chini ya miguu yake Crown ikatoa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwenye Crown yoyote: mkwaruzo mrefu, chuma na jiwe, toka mbele mpaka nyuma. Akasimama. Akarudi nyuma. Akajaribu kwa pembeni. Ikakwaruza tena.

Akashuka. Akavua koti, akampa Rebeka, akalala chali kwenye vumbi na shati lake jeupe, akaingiza kichwa chini. Alikaa huko muda. Ditram na Cosmas walikuwa wamefika na kusimama wakiangalia miguu ya mzee.

"Kuna nini, kaka?" aliuliza Debora, akitoka kwenye Mark X huku anasugua utosi. Zile rimu kubwa zilikuwa zimevalishwa tairi nyembamba kama chapati, na kila shimo lilikuwa limemtuma darini.

Yared akatoka. Alikuwa na vumbi mpaka kwenye nyusi.

"Wamekata springi."

"Nani?"

Hakujibu. Alichukua simu akampigia Fausta, akaweka sauti ya nje ili kamati isikie.

"Fausta, gari hili nani amelikata springi?"

"Ah, fundi mmoja pale gereji, kaka Yared," alijibu Fausta kwa furaha. "Mikunjo miwili kila upande. Si umeona inavyokaa chini? Kispoti. Kila mtu anaipenda, kuna mtu wa Ifakara anataka hata kuinunua."

Akakata simu. Akaiangalia ile simu kama yenye makosa.

"Watu," akaanza, na Debora akakaa kwenye jiwe, maana alijua itakuwa ndefu, "watu wamekaa ofisini na makoti meupe, wameenda shule mpaka nywele zimekwisha, wanapima. Springi iwe na urefu huu. Wakakosea, wakapima tena. Ili mtu mzima akikaa asisikie kitu. Meli ikabeba gari, bahari nzima, halikugongwa popote. Halafu anakuja mtu na msumeno, ameacha chai yake mezani, anaona wale wote wajinga, anakata. Kwa nini? Ipendeze. Imempendeza nani? Mtu aliyesimama nje. Aliyekaa ndani hajaulizwa. Ningekuwa mimi ndiye niliyeipitisha bandarini, nikaipeleka bila mkwaruzo hata wa ukucha, nikaikuta leo imefanywa hivi, ningelia. Na wewe, Ditram, na hizo sahani zako za chuma, usidhani sijakuona. Gari lililoundwa kulaza watu usingizi umeligeuza la kutwangia mama wa bibi harusi."

"Zinavutia wateja wa simu, mjomba," Ditram alisema taratibu.

"Basi aolewe mteja wa simu."

Cosmas hakungoja hukumu. Alikuwa ameingia kwenye gari lake, akamwomba Rebeka apande, akashusha tairi moja moja korongoni kwa mshazari, akapanda upande wa pili. Mjerumani aliyumba, akaguna, hakugusa. Hakuna mtu aliyewahi kumkata kitu. Alikuwa kama alivyozaliwa. Cosmas akageuza akarudi, akapita tena.

"Vipi huko nyuma?" Yared aliuliza dirishani.

"Kigumu, mjomba," alisema Rebeka. "Lakini hakigongi."

Watu wote wakamgeukia mzee. Ditram alikuwa ameshika kalamu, na pembeni mwa mdomo palikuwa na kicheko kinachosubiri. Yared alikuwa anajua jambo ambalo hawakulijua. Mbao mbili nene, zilazwe pale chini ya korongo, na Crown ingepita hata ikiwa haina springi kabisa. Mbao alikuwa nazo nyumbani, nyuma ya banda la kuku. Angezileta mwenyewe alfajiri. Sauti ndogo ikamwambia: sema mbao, uendeshe. Lakini baada ya korongo kuna mwendo mrefu wa mashimo, na Rebeka na gauni lake atarushwa juu chini kwenye gari ambalo wametoa raha yake kwa msumeno, na atakuwa anatabasamu kwa sababu ya mjomba wake. Sauti ile aliitukana kimoyomoyo kwa maneno yasiyofaa koti la kanisani.

"Mjerumani," akasema.

"Umesema?"

"Umenisikia. Usitake nirudie."

"Mjomba, lakini wewe si ulisema Mjerumani ni..."

"Nilisema ni gari la anayetaka kuisikia barabara. Ataisikia. Andika. Mwendo Mjerumani. Raha ni ya Crown, ile ya kiwandani, si hii maiti. Mvuto kaupime huko dukani kwako."

Cosmas akavua kofia, akaivaa tena. Hakutoa ufunguo, wala Yared hakuutazama.

Njiani kurudi Debora alimwambia kaka yake, "Umeumia."

"Sijaumia. Nimekasirika. Hivyo ni vitu viwili."

Kamati ilipanga mambo mengine. Mjomba angemvusha Rebeka kizingiti, angemkabidhi kwa msimamizi wake, kisha angepanda kosta pamoja na mashangazi. Barua ya pili ililetwa kusema hivyo, na safari hii iliandikwa Mheshimiwa Mjomba, jambo ambalo lilimkera zaidi.

Mvua iliyochelewa ikaja siku mbili kabla ya harusi. Asubuhi ya harusi Yared alinyanyuka kwenye kigoda bila kusumbua mtu, akamshika Rebeka mkono, akamvusha. Alimwingiza kwenye Mjerumani, akakunja gauni kwa uangalifu lisibanwe na mlango, akaenda kwenye kosta akakaa katikati ya mashangazi wawili wanene, kama mkoba uliosahauliwa.

Korongoni msafara ukasimama. Maji yalikuwa yamepita na kuacha tope, na mahali pa juzi pa kupitishia tairi hapakuonekana tena. Cosmas akashuka akaangalia, akapanda, akashuka tena. Ditram, ndani ya suti ya bluu, alisimama kwenye ukingo akielekeza kwa mikono yote miwili: kulia, hapana, kushoto, kanyaga mafuta.

"Ukikanyaga mafuta hapo," ilisikika sauti kutoka mlango wa kosta, "tutaifungia ndoa hapahapa na mchungaji aje na mabuti."

Yared alikuwa amekwisha kunja suruali mpaka magotini, viatu mkononi. Akampa Ditram viatu avishike. Akaingia topeni pekupeku, akalipapasa korongo kwa nyayo, hatua moja, nyingine, akitafuta mwamba. Alipoupata akageuka akamtazama Cosmas usoni, akainua viganja.

"Gia ya kwanza. Tairi ya kulia njoo nilipo mimi. Usinitazame usoni, tazama miguu."

Akarudi kinyumenyume, tope linampanda, na Mjerumani akamfuata polepole kama ng'ombe anayefuata chumvi. Mara moja tairi ya nyuma ilizunguka bure na tope likamrukia tumboni. Hakufuta. Alisema "subiri," akasogea kidogo, akasema "sasa." Rebeka alikuwa ameinama mbele kati ya viti, shela imesogea, anamwangalia. Gari likapanda upande wa pili, safi, na mashangazi ndani ya kosta wakapiga vigelegele ambavyo vilitakiwa kuwa vya kanisani.

Yared alikuwa anarudi kwenye kosta mlango wa Mjerumani ulipofunguliwa. Msimamizi akashuka, ameinua gauni lake.

"Amesema upande wewe," akamwambia.

Mzee akasogea mlangoni. "Rebeka, sikuja hapa kuonewa huruma. Nina tope mpaka kwenye mbavu. Hili ni gari la mtu."

"Nani amekuonea huruma, mjomba? Naogopa anavyoendesha. Kaa hapa umfokee."

Yared akamtazama Cosmas. Cosmas akamtazama yeye kwenye kioo, kisha akashuka, akafungua buti, akatoa shuka la kanga, akalitandika kwenye kiti cha nyuma.

Wakaenda. Mashimo yalikuwapo yote, na kiti kilikuwa kigumu kama alivyosema. Rebeka akapitisha mkono kwenye kiwiko chake chenye tope. Lami ilipoonekana mbele, gari likanyoosha mwendo.

"Unakimbilia wapi?" akauliza Yared.

"Niko arobaini, mjomba."

"Arobaini ni ya kubebea miwa. Shuka thelathini."

Cosmas akashuka thelathini. Nyuma yao pikipiki na Mark X vikaanza kupiga honi.

"Waache wapige. Na hicho kiyoyozi, unataka mtoto afike kwa mchungaji na mafua?"

Cosmas akanyoosha mkono, akabonyeza.

"Nimesema punguza," alisema Mjomba Yared. "Nani amekwambia uzime?"